Safari ya Unguja Baada ya Mavuno



Mpunga ukishakatwa na kupigwa, na magunia yakishafungwa na kupangwa ghalani, bonde letu la Kilombero hupata siku chache za utulivu. Maji yameshuka, njia zimekauka, watoto wako likizo ya Juni, na baba wa nyumba aweza kukaa barazani pasipo jembe wala panga mkononi. Ndipo swali moja huanza kuulizwa katika nyumba nyingi za Wakristo, hasa nyumba za walimu: Je, mwaka huu twaweza kwenda kuiona bahari? Twaweza kufika Unguja?

Wako wazee wanaojibu upesi kwamba kupumzika pwani ni desturi ya Wazungu na matajiri, bali mkulima hupumzika kaburini. Neno hilo lina uchungu wake, wala hatulicheki. Lakini si neno la Injili. Bwana wetu mwenyewe, mitume wake waliporudi kutoka kazini wamechoka, aliwaita waende naye mahali pa faragha wakapumzike kidogo. Tena amri ya siku ya Bwana humpa mtumwa na mgeni, hata ng'ombe na punda, haki ya kupumzika. Basi kupumzika si dhambi. Linalopaswa kupimwa ni namna ya kupumzika: fedha zimetoka wapi, nani ameachwa nyuma, na tukifika huko tumekwenda kutazama nini.

Maswali hayo tutayafuata moja moja. Lakini kwanza yafaa tueleze kwa nini twataja Unguja, maana nchi yetu haikosi mahali pengine pazuri.

UNGUJA NA BONDE LETU

Mtu akisimama Ifakara huona milima ya Udzungwa upande mmoja, na upande wa pili, ng'ambo ya mto, nchi ya juu ya Mahenge. Katikati hupita mto Kilombero. Mto huu hupokea mito mingi ya milimani, na kila masika huenea na kufunika uwanda, kisha hurudi mahali pake na kuacha udongo wenye rutuba. Mbele huko hukutana na mto Luwegu, na hiyo miwili ikiungana huitwa Rufiji. Nao Rufiji huingia Bahari ya Hindi kwa midomo mingi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Hivyo maji yaliyonywesha mpunga wetu hufika visiwani kabla yetu sisi. Nyumba ipendayo kuyafuata maji hayo yaweza kwenda Mafia yenyewe, kisiwa kitulivu, ambacho vyombo vyake huondoka Nyamisati katika Wilaya ya Kibiti.

Imani yetu ilikuja kwa njia iliyo kinyume na ya maji: ilitoka kisiwani, ikaja bara. Mwezi wa Desemba mwaka 1860 Padre Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na wenzake na masista. Sultani Majid aliwapokea vema, nao wakaanza kutunza wagonjwa na kufundisha kazi za mikono. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu walishika kazi hiyo, na mwaka 1868 walivuka bahari wakaanza misioni ya Bagamoyo.

Mwaka 1887 Roma ilitenga nchi ya kusini na kuiita Zanguebar ya Kusini, ikawapa Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia. Wasomaji wayaangalie sana maneno hayo: eneo la Kanisa ambalo jimbo letu limetoka ndani yake lilibatizwa kwa jina la kisiwa. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888, nao mwaka 1902 walianza Kwiro, kule Mahenge. Mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi waliipokea kazi. Jimbo la Mahenge lilisimamishwa mwaka 1964, na kutoka kwake lilizaliwa Jimbo la Ifakara mwaka 2012. Mtoto wa katekisimu akiuliza Kanisa la Ifakara ni mtoto wa nani, aweza kuonyeshwa ukoo wake hatua kwa hatua mpaka pwani, na kutoka pwani mpaka Unguja.

Hata lugha tunayoandikia ukurasa huu ilipita njia hiyo. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakachagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Mwalimu wa Mlimba au wa Mang'ula asahihishapo daftari la mtoto wa Kindamba, Kipogoro, Kimbunga, au Kihehe, kipimo chake kilikatwa Unguja.

Basi mtu wa bonde aendaye Unguja haendi ugenini tu. Huenda kuiona nyumba ambayo baadhi ya mambo yake yalitokea humo. Na nyumba ya namna hiyo huwa na chumba cha furaha na chumba cha kilio, kama tutakavyoona.

FEDHA ZA SAFARI

Twasema wazi: safari ya mapumziko isifanywe kwa deni. Deni la hospitali lina udhuru, na deni la ada lina udhuru. Deni la kwenda kuoga baharini halina. Wala mbegu isiuzwe, wala zaka isicheleweshwe, wala mtoto asirudishwe kutoka shule kwa sababu baba alikula ada yake huko Forodhani.

Liko kosa jingine linalowapata hata watu waangalifu. Wakati wa mavuno kila nyumba ina mpunga, kila nyumba yataka fedha, na wanunuzi wajua hivyo. Kwa hiyo bei huwa chini. Ghala zikianza kupungua, kuelekea mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya, bei hupanda. Nyumba iuzayo magunia yake mwezi wa Juni ili isafiri mwezi huo huo imelipa nauli mara mbili: mara moja kwa mwenye gari, na mara ya pili kwa mwenye mashine ya kukoboa. Basi kanuni yetu ni hii: safari ya mwaka huu ilipwe na mpunga wa mwaka jana. Tengeni magunia yenu ya safari wakati wa mavuno, yawekeni mahali pakavu, yauzeni bei inapopanda, na fedha zake ziwekwe katika kibubu au katika akiba ya kikundi mpaka Juni ifuatayo. Kama haikutosha mwaka mmoja, ngojeni wa pili. Bahari haitakauka.

Hesabu iandikwe kwenye karatasi, nayo isomwe mbele ya mke na watoto wakubwa, wala isikae kichwani mwa baba peke yake. Andikeni nauli ya kwenda na ya kurudi kwa kila mtu, mkiuliza watoto wa umri gani hulipa nusu. Andikeni malazi, chakula, na viingilio vya mahali pa kutazama. Kisha ongezeni robo ya jumla yote, kwa ajili ya homa, chombo kilichochelewa, au kiatu kilichokatika. Fedha za kurudi zifungwe mbali na fedha nyingine, zisiguswe. Mtu aliyekwama bandarini pamoja na watoto wanne hana tena mapumziko, bali ana aibu.

Kwa malazi, hoteli za ufukweni nyingi zimewekewa bei ya wageni wa Ulaya. Lakini mjini na vijijini ziko nyumba za wageni za bei nafuu. Nyumba ya Kikristo yafanya vema ikipata barua ya utambulisho kwa paroko wake na kuwaandikia mapema Wakristo wa Unguja kuomba shauri. Twasema kuomba shauri. Hatusemi kuwafikia watu mlangoni usiku pasipo taarifa na kuwalia chakula chao juma zima.

NANI AMEACHWA NYUMA

Katika nyumba nyingi safari hupangwa hivi: baba na wavulana huenda, na bibi huachiwa kuku. Labda hapana budi mtu mmoja abaki, maana nyumba isiyo na mtu humwita mwizi, na mpunga ulioachwa humwita panya. Lakini abakiye achaguliwe kwa haki, na safari nyingine zamu yake ifike. Kama bibi ana nguvu za kukaa garini, afikiriwe yeye kwanza. Mtoto wa miaka kumi ataiona bahari siku nyingine. Bibi wa miaka sabini ambaye hajaiona, siku zake twazijua sote.

Tena twataka kusema neno kwa ajili ya mama wa nyumba. Ziko safari ambazo baba hupumzika, watoto hucheza, na mama huhamisha jiko lake tu: alikuwa akipika Ifakara, sasa apika Unguja, tena kwa kuni asizozijua. Hayo kwake si mapumziko. Katika hesabu yenu wekeni fedha za kununua chakula kilichopikwa, walau mara moja kwa siku, na kazi iliyobaki igawanywe. Mvulana aliyefundishwa kuosha sufuria kando ya bahari hataisahau kazi hiyo akirudi kando ya mto.

NJIA

Njia ya kwanza ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya miaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi huko Zambia. Ifakara ni mojawapo ya stesheni zake. Treni hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, na mtoto akaaye dirishani aweza kuona twiga na tembo pasipo kulipa kiingilio. Lakini ratiba za abiria zimebadilika mara nyingi katika miaka ya karibuni. Basi ulizeni stesheni kabla ya kufunga mizigo, na msiahidiane na watu wa Dar es Salaam saa ya kufika.

Njia ya pili ni barabara: Ifakara mpaka Kidatu, penye mashamba ya miwa, kisha Mikumi kwenye barabara kuu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na kutoka Mikumi mpaka Morogoro kupitia katikati ya hifadhi. Morogoro mwaweza kuendelea kwa basi, au kupanda treni ya umeme ya reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Watoto wengi wa bonde wataikumbuka treni hiyo kuliko bahari yenyewe, wala si vibaya.

Wasomaji wa Ulanga na Malinyi, ng'ambo ya mto, wana jambo la kumshukuru Mungu kwanza. Tangu mwaka 2018 wavuka Kilombero kwa daraja, ambapo zamani walingoja kivuko, na mto ulipofura waliogopa.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Unguja ni bahari ya kilomita kama 70, na boti ziendazo kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Chukueni vitambulisho vyenu vya Taifa, maana huulizwa, na pia raia hulipa nauli ndogo kuliko wageni. Nunueni tiketi dirishani pa wenye chombo, si kwa kijana akufuatiaye njiani.

Hapa twaongeza onyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli MV Spice Islander, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imepakia kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe kwa dhoruba. Watu wengi sana walikufa, na watoto kati yao. Hatuyakumbushi ili kuwatia hofu, maana maelfu huvuka salama. Twayakumbusha kwa sababu Juni mpaka Septemba, wakati mkulima wa Kilombero apatapo nafasi, ndio wakati wa kusi, na upepo huo huichafua bahari. Basi pandeni chombo cha asubuhi, maana kwa kawaida bahari huwa tulivu zaidi kuliko alasiri. Ulizeni fulana za kujiokoa ziko wapi kabla chombo hakijang'oa nanga. Na mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, teremkeni. Tiketi iliyopotea hununuliwa tena.

MAHALI PA KUTAZAMA

Wageni wengi wakifika Unguja hukimbilia ufukweni. Sisi twawashauri Wakristo wa bonde waanze Mkunazini, katika Mji Mkongwe.

Hapo lilikuwapo soko la watumwa. Watu waliotekwa bara walishushwa pwani, Kilwa na Bagamoyo na kwingineko, wakavushwa, wakapangwa, wakatazamwa meno kama mbuzi wa mnadani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kulifunga soko hilo, na mwaka huo huo, siku ya Noeli, ndugu zetu Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale. Askofu Edward Steere, aliyekuwa pia bingwa wa Kiswahili, aliisimamia kazi. Sala ya kwanza ilisaliwa humo siku ya Noeli mwaka 1877, jengo likiwa bado halijatimia. Yasimuliwa kuwa altare kuu husimama mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Panaonyeshwa duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Uko pia msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Nje, katika shimo, ziko sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Uswidi.

Wazazi na walimu, hapa ndipo kazi yenu ilipo. Mtoto atauliza: Ni nani waliofanya haya? Jibu la upesi lipo, nalo ni baya. Mtoto akiambiwa tu kwamba Waarabu waliwauza Waafrika, au kwamba Waislamu waliwauza Wakristo, atatoka kanisani na chuki mfukoni, naye jioni atanunua maandazi kwa mama wa Kiislamu ambaye hakumuuza mtu yeyote. Mwambieni ukweli wote. Wenye majahazi na mashamba ya karafuu walikuwa Waarabu wengi, naam. Lakini waliowateka watu bara walikuwa mara nyingi watu wa bara wenyewe, machifu na wapiganaji waliouza majirani zao kwa nguo na bunduki. Fedha za misafara zilikopeshwa na matajiri wa Kihindi. Na wafanyabiashara wa Ufaransa, Wakristo wa jina, walinunua watu Kilwa katika karne ya 18 kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao. Hakuna kabila wala dini ya Afrika Mashariki iwezayo kunawa mikono hapo.

Kisha mwambieni na yaliyosalia, maana kisa hakikomi shimoni. Saa iliyo mnarani pa kanisa hilo husimuliwa kuwa zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe. Na kati ya watoto waliokombolewa utumwani alikuwamo Myao mmoja, aliyefundishwa katika chuo cha Kiungani hapo Unguja na kupewa upadre wa Kianglikana mwaka 1890. Jina lake Cecil Majaliwa. Mtu aliyekuwa bidhaa alisimama altareni kuwabariki watu. Mtoto akitoka Mkunazini amelishika jina la Majaliwa pamoja na ile minyororo, safari yenu imekwisha kulipa nauli yake. Mkumbusheni pia kwamba kufunga soko hakukuwa kufunga utumwa. Sheria ya Unguja haikuutangua mpaka mwaka 1897, na kwetu bara ulidumu mpaka 1922. Mababu wa watu walio hai leo waliyajua mambo hayo.

Jumapili, nendeni Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, lililojengwa kati ya miaka 1893 na 1898. Jimbo la Zanzibar lilisimamishwa mwaka 1980. Wakristo wa huko ni wachache kati ya Waislamu wengi, nao wamezoea kuishi kwa adabu na uvumilivu. Mtu wa Ifakara, aliyezoea kengele ijazayo mji, atajifunza kitu kwa kuwaona wakitembea kimya kwenda Misa.

Katika Mji Mkongwe, uliotiwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, tembeeni polepole na mtazame milango iliyochongwa. Jumba la Maajabu, alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Fundi yeyote wa nyumba ataelewa akilitazama kwamba hata kuta za wafalme zataka kutunzwa.

Kisha nendeni baharini. Paje, Bwejuu na Jambiani, pwani ya mashariki, watoto wataona ajabu isiyoko kwetu. Mto wetu hujaa mara moja kwa mwaka. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Maji yakipwa, hurudi mbali sana, na wanawake huingia ufukoni kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizonyoshwa kati ya vigingi. Kilimo hicho kilianza Unguja mwaka 1989, nacho kimewapa wanawake wengi fedha za mkononi mwao wenyewe. Mama wa bonde aliyepandikiza mpunga majini hadi magotini atawatambua mara moja kuwa wenzake, na mazungumzo hayatakosekana. Lakini mtoto aliyekulia mtumbwini asijidai. Baharini hakuna mamba wa Kilombero, bali kuna mikondo, na maji yajaayo humzunguka mtu kwa nyuma. Aogelee mbele ya macho ya mkubwa, tena avae viatu kwa ajili ya miiba.

Siku ikibaki, nendeni msitu wa Jozani mkamwone kima punju, mnyama mwekundu ambaye asili yake ni Unguja tu. Sisi nasi tunaye mbega mwekundu wa Udzungwa, asiyepatikana penginepo. Wawili hawa ni jamaa, lakini kila mmoja amebaki kwake. Msitu ukikatwa, hana nyumba nyingine ya kuhamia.

ADABU ZA MGENI

Unguja ni nchi ya watu waungwana, na mgeni hupimwa kwa mavazi na salamu. Mjini na vijijini wanawake na wanaume wafunike mabega na magoti. Nguo ya kuogea ibaki ufukweni. Wakubwa waamkieni shikamoo, na msipige picha ya mtu kabla ya kumwomba. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa njiani mchana. Na kama mwaweza kuchagua, chagueni mwezi mwingine. Msikitini msiingie pasipo kukaribishwa. Wala msiende kuwasomea watu mahubiri barazani mwao: Mkristo mwenye kulipa deni lake, asiyelewa, asiyemgombeza mkewe njiani, amekwisha kuhubiri.

Liko pia jambo la malaria. Bonde letu lajulikana kwa mbu wake, hata tangu mwaka 1957, Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara Ifakara, wataalamu wamekaa kwetu kuwachunguza, na leo Taasisi ya Afya Ifakara ina jina kubwa kwa kazi hiyo. Unguja kwa upande wao wameipunguza malaria sana, na wagonjwa wengi wanaopatikana huko huwa wametoka nayo bara. Kwa hiyo mtoto mwenye homa apimwe na kutibiwa kabla ya kuondoka, asipelekwe na vimelea vyake kama zawadi. Zawadi ifaayo ni mchele wetu. Watu wa visiwani hula wali mwingi kuliko mpunga unaolimwa kwao, na kilo chache za mchele wa Kilombero, uliochambuliwa vizuri, zitafungua mlango wowote.

WASIOWEZA KWENDA

Twajua kwamba nyumba nyingi zitakazosoma ukurasa huu hazitafika Unguja mwaka huu, na nyingine hazitafika kamwe. Mwaka wa mafuriko makubwa huondoa shamba, na mwaka wa jua huondoa vilivyosalia. Wao pia wana haki ya siku ya mapumziko. Kutoka Ifakara mpaka Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, si mbali. Huko maporomoko ya Sanje huanguka mita zipatazo 170, nao wageni hutoka ng'ambo ya bahari kuja kuyaona, hali wengi wetu tulioishi chini yake hatujapanda. Kibubu cha safari ya Sanje hujaa upesi.

Nyumba itakayojaliwa kwenda Unguja, basi, twaiomba jambo moja. Mkirudi, msirudi na ganda la kombe la kuwekea kabatini tu. Kila mtoto aandike kwa mkono wake mambo mawili: moja alilolifurahia na moja lililomhuzunisha, naye mwalimu ayasome darasani mbele ya wale waliobaki. Hapo shule nzima itakuwa imevuka bahari kwa nauli ya nyumba moja.

Mungu awalinde safarini, majini na nchi kavu, awarudishe salama, na mvua za Novemba ziwakute shambani.